Krimu ya kung'arisha ngozi: nitazame kiambato kipi?

Swali, kutoka Mikindani: Ndugu zangu, nimenunua krimu ya kufifisha madoa yaliyoachwa na chunusi, na nyuma ya kopo imeandikwa niasinamidi pamoja na kalomeli, je, ni salama?

Jibu: Dada, usiipake hata kidogo. Kalomeli ni chumvi ya zebaki, ambayo hupenya ngozini na kudhuru figo. Nchini mwetu Tanzania zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi. Niasinamidi yenyewe, ambayo ni aina ya vitamini B3, haina ubaya, kwani hupunguza rangi inayohamia kwenye seli za juu za ngozi.

Jibu, kutoka Lindi: Kwa jua hili la pwani, pasipo krimu ya kukinga jua madoa yatarudi. Seramu yangu ya vitamini C niliiacha dirishani, ikaharibika na kuwa kahawia kama chai ya rangi, nikaitupa.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimeacha kuipaka, maana mwanangu hulala kifuani pangu na zebaki ingemfikia.