Leza na klasta za zenoni: elektroni zinang'okaje?

mwl_pasua: Wakuu habarini, niko Moshi nafundisha fizikia form six. Kwenye fotoelektriki (mwanga kung'oa elektroni) huwa nawaambia vijana fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikiwa na nishati ndogo hata uongeze ukali wa mwanga vipi elektroni haitoki. Sasa kuna dogo kaniletea habari ya leza ya nanomita 800, fotoni yake kama eV 1.55 (elektronivolti, kipimo cha nishati), inapiga gesi ya zenoni inayotaka eV 12.1 na elektroni zinatoka kibao, tena zenoni ikiwa kwenye klasta, yaani atomu zilizoshikana, ndo balaa kabisa. Nimjibu nini?

chalii_sakina: Mwalimu uko sawa, ila hiyo ni ya mwanga wa kawaida, fotoni moja elektroni moja. Leza ikifika wati trilioni 100 kwa sentimita mraba, uga wake wa umeme unashindana na kiini chenyewe, elektroni ya nje inapenya ukuta wa mvuto wa kiini au inamwagika juu yake tu.

mangi_optiki: Hiyo ni atomu moja, klasta ina mambo yake. Ni atomu mamia mpaka maelfu zimeshikana, unazipata ukipuliza gesi yenye presha kwenye vakyumu ikapoa ghafla. Elektroni zikishatoka kwenye atomu zao nyingi hazitoki kwenye klasta maana chaji chanya inazirudisha, yaani abiria wa Hiace kashanyanyuka kwenye siti ila konda hajafungua mlango. Basi zinagonga atomu zingine zinang'oa elektroni zingine, inakuwa plazma ndogo (mchanganyiko wa ioni na elektroni huru) inatanuka, na densiti ikishuka mpaka mtikisiko wa elektroni ulingane na wa leza hapo inafyonza nishati kwa fujo halafu inalipuka. 1997 mwanafizikia Ditmire na wenzake waliripoti ioni za zenoni zilizopoteza hadi elektroni 40, nishati mpaka MeV 1, yaani eV milioni moja!!

mwl_pasua: Dah. Sasa chuma si kimebanana zaidi, mbona hakifanyi hivyo?

mangi_optiki: Kwenye kipande kigumu joto linakimbilia ndani ambako hakujapigwa, klasta imezungukwa na vakyumu joto halina pa kwenda. 1999 kule maabara ya Livermore, Marekani, watafiti walilipua klasta za deuteriamu (haidrojeni nzito), ioni zikagongana, fyusheni (viini kuungana) ikatokea na nyutroni zikaonekana.

chalii_sakina: Msianze kuota umeme wa bure lakini, leza ilikula nishati nyingi mno kuliko iliyotoka. Mwalimu mpe dogo akokotoe fotoni ngapi kwa pamoja zinafikisha eV 12.1, atapata 8, aanzie hapo.