Mrejesho: Siku zetu za mwisho pwani ya Amalfi

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama siku tatu za mwisho za safari yetu Italia tuingie na gari Amalfi au tuliache Salerno, mji ulio mwanzo wa pwani hiyo. Wengi mlisema liacheni. Sikusikia, na mke wangu hajachoka kunikumbusha.

Barabara ile ya pwani, SS163, ni nyembamba: kulia mwamba, kushoto bahari iko chini kabisa. Karibu na Positano tukakutana na basi kwenye kona. Lilipiga honi mara mbili. Nikakunja vioo vya pembeni, nikaanza kurudi nyuma, mama watoto kashuka ananielekeza, "Njoo, njoo, simama hapo!" Basi likapita, katikati ungepitisha kiganja tu. Na huko wanashika kulia, sisi tumezoea kushoto!

Kesho yake gari likabaki Salerno, tukapanda boti. Raha tupu. Amalfi yenyewe watu wamejaa mno, mimi ningerudi Cetara, kijiji cha wavuvi. Pale tulikula tambi zilizotiwa colatura, mchuzi unaochujwa kutoka samaki wadogo waliolazwa kwenye chumvi. Harufu ni ya dagaa hasa. Mke wangu alimaliza sahani yake na nusu ya yangu.

Siku ya mwisho tulienda Paestum, mji wa kale kusini mwa Salerno, kuona mahekalu matatu ya Wagiriki, makongwe kuliko Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, kwa zaidi ya miaka 500. Kivuli hakuna, bebeni kofia.

Gari tulilirudisha Napoli. Mkwaruzo wa kioo cha kulia: yuro 90.