Dinosaria wa gemu hili ni sanamu zenye njaa, na sasisho jipya limetuongezea sanamu nyingine sita

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Nimevumilia gemu hili la kujenga hifadhi ya dinosaria kujizima lenyewe katikati ya ujenzi. Nimevumilia uzio unaovunjwa na mnyama aliyelala upande wa pili wa ramani, na wageni wa hifadhi wanaokwama mlangoni mwa choo mpaka jioni. Hayo ni makosa ya kiufundi, hutokea na hurekebishwa. Ila sasisho la juzi limenishinda. Miezi yote ile ya kuambiwa tusubiri, kuna jambo kubwa linakuja, kumbe jambo lenyewe ni wanyama sita wapya, rangi za ngozi za kulipia, na taa za mapambo. Taa!

Nikafungua hifadhi yangu, ambayo nimeitolea zaidi ya saa 200 za maisha yangu, nikawaingiza hao sita na kukaa kuwatazama. Wa kwanza akaenda kwenye chakula, akala. Akaenda kwenye maji, akanywa. Akalala. Akaamka, akarudi kwenye chakula. Wa pili vilevile. Wa sita vilevile, tena kwa hatua zilezile za yule wa kwanza, maana wamechukua mwendo wa mnyama wa zamani wakauvisha ngozi nyingine. Hawa si wanyama. Ni vipimo vitatu, njaa, kiu na usingizi, vilivyoota miguu.

Nianze na uwindaji, kwa sababu ndio ulionifanya nifungue uzi huu. Jana Tyrannosaurus wangu, yule mla nyama mkubwa, kaua Triceratops wanne, wale wala majani wenye pembe tatu, ndani ya dakika kumi, na alikuwa ameshiba. Wenzao walikuwa wakitafuna majani hatua chache kutoka kwenye mizoga, wala hakuna aliyeinua kichwa. Swala wa kawaida tu akimwona chui hukoroma kwa pua, hupiga kwato chini, na kundi zima linageuka kumkodolea macho huyo chui mpaka aone aibu aondoke. Hawa wetu wana pembe ndefu kuliko mkono wa mtu, na wanasubiri zamu ya kuchinjwa.

Na huyo mwuaji naye ni kichekesho. Mwindaji wa kweli ni mnyama wa mahesabu. Akivunjika taya leo, ndani ya majuma machache amekufa njaa. Hana daktari wa kumpiga sindano kutoka kwenye helikopta kama wetu. Kwa hiyo huvizia, hupima upepo, huchagua kilema au mtoto aliyebaki nyuma, na akiona kundi limekaza huacha akaenda zake. Simba mwenyewe hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Mnadhani Tyrannosaurus alikuwa hakosi? Mwaka 2013 ilitangazwa mifupa ya mkia wa dinosaria mwenye mdomo wa bata, na ndani yake limo jino la Tyrannosaurus, mfupa umeota ukalizunguka. Maana yake yule mnyama aling'atwa, akachomoka, akaishi mpaka kidonda kikapona, na aliyemng'ata akalala njaa siku hiyo. Niambieni ni lini mmeona windo likichomoka katika gemu hili. Mimi katika saa 200 sijaona hata mara moja. Kitufe kikishabonyezwa, filamu fupi ya kuua inachezwa, basi.

Kuna pia wale wawili waliochimbuliwa Mongolia mwaka 1971, Velociraptor mla nyama na Protoceratops mla majani, wamekufa wameshikana: ukucha wa Velociraptor umeelekea shingoni mwa mwenzake, na Protoceratops kaubana mkono wa Velociraptor mdomoni. Kile ni kitendo kimoja, cha sekunde chache, kilichohifadhiwa miaka zaidi ya milioni 70. Kina uhai kuliko hifadhi yangu yote.

Najua kuna atakayekuja kusema kompyuta haziwezi kubeba hayo. Acheni hizo. Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds alionyesha kundi la ndege wa kwenye kompyuta wakiruka kama ndege kweli kwa kanuni tatu tu: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea wenzako, usiachwe mbali na kundi. Kwa kompyuta za wakati ule! Ongezeni umbali wa kushtuka, yaani mnyama akifikiwa na adui kwa karibu kiasi fulani anasimama, akifikiwa zaidi anakimbia, akibanwa anageuka kupigana. Hilo ni jambo la namba mbili tatu kwa kila spishi. Halihitaji picha mpya hata moja. Labda ndiyo maana halifanywi, haliwezi kuuzwa kama rangi ya ngozi.

Sasa mayai. Mayai yetu yanatoka kwenye jengo. Unabonyeza, unasubiri, mnyama anatoka mtu mzima, kilo zote kamili. Hakuna kiota, hakuna kinda, hakuna mama. Wachunguzi wa visukuku Jack Horner na Robert Makela walimpa dinosaria wa Montana jina Maiasaura mwaka 1979, jina lenye maana ya mjusi mama mwema, kwa sababu ya viota na makinda waliyoyakuta. Mnyama aliyepewa jina kwa ajili ya umama yumo kwenye gemu, tena wa kulipia, na hawezi kuwa na mtoto!

Ila kilichonichoma kabisa ni Oviraptor. Huyu walau kapewa tabia ya peke yake, nikafurahi. Nikasogeza kamera. Tabia yenyewe: anaiba mayai.

Kwa wasiojua kesi hii: Oviraptor alifukuliwa Mongolia mwaka 1923 juu ya kiota, na mwaka uliofuata akapewa jina hilo la mwizi wa mayai, kwa kuwa mayai yalidhaniwa ni ya Protoceratops. Miaka ya 1990 likapatikana yai la aina ileile, ndani yake kijusi, na kijusi kile ni cha jamaa yake Oviraptor. Wakapatikana na ndugu zake wengine, wamekufa wamekalia mayai, mikono imetandazwa kuzunguka kiota kama kuku anavyoatamia. Mzazi alikuwa kwenye kiota cha ukoo wake. Kasingiziwa miaka 70, akasafishwa jina, na nyie watengenezaji mnaotangaza kwamba mmeshauriana na wataalamu mmemrudisha kizimbani kwa kosa lilelile. Wataalamu gani?

Sisemi kila mnyama awe mama mwema, msinielewe vibaya. Kule Auca Mahuevo, Argentina, kuna mayai ya wale wakubwa wenye shingo ndefu kwa maelfu, na inaelekea mama zao walitaga wakaondoka. Safi, fanyeni hivyo! Huyu aatamie, yule atage aende zake, makinda yajitafutie na mengi yaliwe. Tofauti hizo ndizo zingenifanya nitamani kujenga hifadhi ya pili. Sasa hivi tofauti kati ya spishi na spishi ni ukubwa wa bakuli la chakula.

Kulala nako wote wanalala ubavu kama ng'ombe aliyepigwa risasi. Mei long, dinosaria mdogo aliyefukuliwa China, kakutwa amejikunja, kichwa kakiingiza chini ya mkono kama ndege. Huo ni mkao mmoja tu wa kuchora. Ngurumo sizungumzii, wote wananguruma kwa sauti moja, hadi wale wa ukubwa wa bata mzinga.

Kwa wale wa "ni gemu tu, mkuu, tulia": ukurasa wa mauzo unasema ni uigaji wa maisha ya wanyama wa kale. Wangeandika kwamba ni gemu la kujenga uzio na kuuza tiketi nisingelalamika, ningenunua nikijua ninachonunua. Na wale wa "tabia zao hazijulikani", mifupa niliyoitaja inatosha kwa kazi ya mwaka mzima, na palipo na pengo tuna ndege na mamba walio hai wa kuazima kwao.

Mimi sinunui nyongeza nyingine mpaka Triceratops ajifunze kuinua kichwa. Nimeomba kurudishiwa pesa za hii ya juzi, nimejibiwa kwa ujumbe wa roboti unaonishukuru kwa mapenzi yangu kwa dinosaria.

Kuna mdau yeyote aliyefanikiwa kuhariri faili za gemu akapunguza hii hamu ya kuua ya wala nyama walioshiba? Atuwekee hapa hatua kwa hatua. Nimewatenga Triceratops watatu waliobaki nyuma ya kuta mbili, na bado sina imani na hizo kuta.