Siku tatu Busan: tule wapi, tununue nini, tupande mlima upi?

Swali
Ndugu zangu, habari. Mimi na mume wangu tutakuwa Busan, Korea Kusini, kwa siku tatu mwezi wa Oktoba. Hatuli nguruwe, na kila tunayemwuliza hututajia dwaeji gukbap, yaani wali ndani ya supu ya nguruwe, ambayo ndiyo fahari ya mji ule. Tule wapi basi? Na je, upo mlima ambao mtu asiye na mazoea anaweza kuumudu kwa siku moja?

Jibu la kwanza
Dada, mji wa bandari haulazi mtu njaa. Nendeni soko la samaki la Jagalchi, mchague samaki, pweza au ngisi akiwa hai ghorofa ya chini, kisha mpande juu mkaandaliwe kwa malipo ya ziada. Ulizeni bei kabla muuzaji hajatia wavu majini, kwa kuwa samaki akishakatwa hapana mjadala tena. Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi jengo hilo hufungwa. Ng'ambo ya barabara lipo soko la Gukje, lililochipuka baada ya ukoloni wa Wajapani kukoma mwaka 1945. Vitambaa, vyombo na miwani vinapatikana humo.

Jibu la pili
Naongeza tahadhari moja. Mtashawishiwa kula milmyeon, tambi baridi za ngano zilizobuniwa na wakimbizi wa Vita vya Korea kutoka kaskazini, waliozoea tambi za ngano nyeusi lakini wakawa na unga wa ngano wa msaada tu. Ni tamu kwelikweli, ila mchuzi wake mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe au ng'ombe, na vipande vya nyama huwekwa juu. Jifunzeni neno "dwaejigogi", nyama ya nguruwe, mliulize kabla ya kuketi. Hata uduvi wa chumvi hutiwa katika kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa viungo, lakini huo kwenu si tatizo.

Jibu la tatu
Kuhusu mlima, msihangaike: ni Geumjeongsan. Kilele chake, Godangbong, kina mita 801 na ushee, na mgongoni mwake umelala ukuta wa ngome ya kale wenye urefu wa kilomita zipatazo 18. Pandeni treni ya njia ya 1 kutoka Jagalchi hadi kituo cha Beomeosa, kisha basi hadi hekalu la Beomeosa, lililoanzishwa mwaka 678. Kuanzia hapo ni ngazi za mawe mpaka Lango la Kaskazini, na magoti yatalalamika. Ukishafika ukutani njia hulegea, na bahari huonekana siku ya anga safi. Msirudi mlikotokea. Fuateni ukuta kuelekea kusini, mshuke kwa kibanda cha kebo hadi bustani ya Geumgang. Kama mnataka kuswali, msikiti wa Al-Fatah uko karibu na kituo cha Dusil, vituo viwili kabla ya Beomeosa.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Mume wangu ameshaanza kulikariri lile neno, ingawa matamshi yake bado yananitia wasiwasi.