Tupeane uzoefu: mnaosoma masters na PhD ughaibuni, posho inawatosha?

Wakuu, salaam. Barua za ufadhili zikitoka tunapongezana sana, na ni haki. Mwenzetu akishapanda ndege hatumsikii tena. Wengi wamekaa kimya kwa sababu hali ni ngumu na wanaona aibu kusema. Mtu ana skolashipu, ataanzaje kumwambia mama yake kwamba jana alilala na chai kavu?

Naanza mimi. Niko Leeds, mwaka wa pili wa PhD. Posho yangu inafuata kiwango cha UKRI, chombo cha serikali ya Uingereza kinachogharamia utafiti: pauni 19,237 kwa mwaka wa masomo 2024/25 na 20,780 kwa 2025/26. Haikatwi kodi, na ukiizidisha kwa shilingi unaona umetoka kimaisha. Sasa njoo kwenye matumizi. Ada ya huduma ya afya tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na inalipwa yote kwa mkupuo unapoomba viza. PhD ya miaka minne ni zaidi ya pauni 3,000 kabla hujaona senti ya posho, na chuo changu hakirudishi.

Halafu nyumba. Dalali alitaka mdhamini anayeishi Uingereza, la sivyo nilipe kodi ya miezi sita mbele. Namjua nani huku? Kaka yangu alikopa SACCOS ya kazini kwao, na mpaka leo anakatwa mshahara. Umeme na gesi ni vya kulipia kabla, kama LUKU ya nyumbani, kwa hiyo tumekubaliana hita iwake nusu saa asubuhi na saa moja jioni. Muda mwingine wote niko maktaba, kuna joto.

Leteni ya kwenu. Taja nchi, unachopata na kinachobaki.

Mdau, Ontario (Canada)

Umegusa penyewe mkuu. Barua yangu ilikuwa na tarakimu nzuri tu, ila ada inatoka humohumo. Ikishakatwa, kinachobaki kinaishia kwenye chumba cha chini ya nyumba ya watu, tunakaa wawili.

Huku wanafunzi na maprofesa waliandamana tarehe 1 Mei 2023, maana skolashipu nyingi za serikali kuu zilikuwa palepale tangu 2003. Bajeti ya Aprili 2024 ikazipandisha: masters dola za Canada 27,000, PhD 40,000 kwa mwaka. Niliwafurahia wenzangu kwa moyo wote, ila sisi tunaolipwa na fedha za mradi wa profesa hatukuguswa.

Kinachoniuma ni hiki. Ili upewe kibali cha kusoma Canada, kwa miaka mingi ulitakiwa kuonyesha dola 10,000 za kujikimu. Januari 2024 ikawa 20,635, Septemba 2025 ikawa 22,895, ukiacha ada na nauli. Yaani serikali yenyewe inakubali kwamba mtu mmoja chini ya hapo haishi. Mimi nikishalipa ada niko chini ya hapo, na hakuna anayeuliza.

Alhamisi tunapanga foleni kwenye chakula cha msaada pale chuoni: makopo ya maharage, tambi, wakati mwingine mayai. Wiki iliyopita nyuma yangu alisimama kijana ambaye namsahihishia mitihani. Tulisalimiana, kila mtu akaangalia mfuko wake.

Mdau, Marekani

Mimi Mkenya, sina ufadhili kamili. Ada ya masters alikuwa analipa mzee kutoka Nakuru. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113, Januari 2024 ikafika karibu 160. Ada ya chuo ni ileile kwa dola, lakini mzee aliuza ng'ombe wa maziwa ili nimalize muhula.

Viza ya F-1, ya wanafunzi, bila kibali maalumu inakuruhusu kazi za ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kuna watu watakwambia piga kibarua cha usiku huko nje, nani atajua. Ndugu zangu, msiwasikilize. Ukishikwa, masomo yameisha na unarudishwa nyumbani.

Mdau, Nanjing

Skolashipu ya serikali ya China: PhD yuan 3,500 kwa mwezi, masters 3,000, ada na bweni bure. Kwa mtu mmoja anayekula kantini inatosha, nasema ukweli. Ila nina mke na watoto Dodoma, na hesabu ya skolashipu haiwajui.

Mdau, Mbeya

Nimepata barua ya chuo cha Marekani, posho ya miezi tisa. Ile mitatu mingine watu wanakula nini?

Mdau, Marekani

Hilo mwandikie profesa kabla hujasaini: kiangazi analipa nani, na ahadi iwe kwa maandishi. Uliza pia bima ya afya na ada ndogondogo za chuo zinatoka wapi, na hela ya kwanza inaingia tarehe ngapi. Wengi tunafika Agosti katikati na malipo yanaingia mwisho wa Septemba, wakati mwenye nyumba anataka kodi na dhamana siku ya kupewa funguo. Na kama una mwenza, viza yake ya F-2 haimruhusu kufanya kazi. Usione aibu kuuliza, wamezoea. Wakijibu weka hapa tulisome pamoja.