Nimemshonea mwanangu kamba ya kumshikia barabarani, mtaani wananisema. Nakosea?

Mama Ibra
Habarini wanajamvi. Naombeni ushauri, na naomba tuheshimiane maana wiki nzima sijalala.

Nina mtoto wa kiume, ana miaka miwili na miezi mitano. Tunakaa Manzese. Kila baada ya siku mbili natoka naye tunavuka barabara ya Morogoro kwenda Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kuchukua ndizi za biashara. Kurudi nina mzigo kichwani, mkono mmoja umeshika mzigo, mwingine umemshika yeye. Wanaoijua njia ile wanajua. Pembeni kumejaa meza za biashara, kwa hiyo unashuka barabarani pamoja na bajaji, maguta, kirikuu na bodaboda zinazokuja upande usio wao.

Ananiponyoka. Anauzungusha mkono mara moja tu, umeshatoka. Mbeleko hataki tena, anapiga mateke, na ana kilo 13; yeye mgongoni na ndizi kichwani siwezi. Wiki hii kaponyoka mara mbili. Nikachukua mkanda wa begi la zamani nikampelekea fundi cherehani, kanishonea kitu cha kuvaa kifuani, nyuma kina kamba ya kushika.

Sasa mtaani wanasema namfunga mtoto kama mbuzi. Mume wangu kanyamaza. Mama mkwe hajanyamaza. Je, nakosea? Na kama kuna njia nyingine ya kumshika mtoto wa umri huu, nielekezeni.

Babu Kijiwe
Mimi nimelea saba, sikuwahi kumfunga hata mmoja. Mtoto anafundishwa kwa jicho. Ukimtazama tu anajua asimame. Siku hizi wazazi mnataka vifaa vya kulea. Kaa na mwanao, zungumza naye, atakuelewa.

Kiroba Sita
Babu, saba wako walilelewa Manzese hii ya bodaboda au ile ya baiskeli?

Dereva Mpole
Mama Ibra, mimi ni bodaboda, naomba nikwambie tunachokiona sisi. Mtoto wa kimo hicho hatumwoni. Akiwa nyuma ya meza ya mtumba au mbele ya bajaji iliyoegeshwa, anatokea ghafla kwenye tairi. Mwaka jana mmoja alinitokea pale karibu na Tip Top, nikaangusha pikipiki kumkwepa, goti hadi leo halikunji vizuri. Mama yake alikuwa anachagua nyanya.

Kuhusu kamba: iwe fupi. Ikiwa ndefu, wewe uko upande huu, mtoto upande ule, mimi naona watu wawili na nafasi katikati, naingia. Nitaivuta kamba na mtoto pamoja. Urefu usizidi mkono wako. Na yeye akae upande wa meza, wewe ukae upande wa magari. Mkitembea, tembeeni upande wa kulia ili magari myaone yanakuja usoni.

Mvita Asili
Dadangu, mimi niko Mombasa, navuka Likoni kila uchao. Pale feri mlango ukifunguliwa watu wanashuka kama maji. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, nimemshika mkono, nikahisi mkono upo, nikaendelea kutembea. Kutazama chini nimeshika mkono wa mtoto wa watu! Wangu yuko nyuma analia na askari wa feri. Tangu siku ile simshiki kiganja, namshika kifundo cha mkono. Kamba si aibu. Aibu ni kurudi nyumbani bila mtoto.

Ukhty S.
Kifundo sawa, ila usimvute kwa nguvu. Mimi nilimvuta binti yangu asiingie mtaroni, kiwiko kikachomoka. Alilia, halafu mkono ukaning'inia tu, hataki kuutumia. Zahanati daktari aliupinda mara moja kikarudi, dakika tano baadaye anakula biskuti kwa mkono uleule. Akaniambia ni kawaida kwa watoto chini ya miaka mitano wakivutwa mkono ghafla. Nililia kuliko mtoto.

Mbeba Maono
Huku Uingereza kamba hizo zinauzwa madukani, watu wanatembea nazo bila shida. Nyingine zina kibegi cha mgongoni chenye sura ya mnyama. Ila na huku wapo wanaosema ni ya mbwa, kwa hiyo maneno yapo kila mahali.

Mama Ibra
Asanteni. Dereva, kamba nitaipunguza leo. Ukhty, nimeogopa, sikujua hilo la kiwiko.

Babu, kwa heshima yote, hilo la jicho kwake halifanyi kazi.

Nesi Mkunga
Mama Ibra, nimesoma uzi wote, naomba nikuulize kitu kimoja. Akiponyoka ukimwita jina, anasimama? Anageuka?

Mama Ibra
Ni mtundu. Anageuka akitaka.

Nesi Mkunga
Sijauliza utundu, mama. Akiwa amekupa mgongo, hakuoni, hukumgusa, ukamwita. Anageuka?

Kiroba Sita
Watoto wote hawageuki. Wangu nikimwita kuoga hasikii, nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anasikia.

Nesi Mkunga
Kiroba, ndiyo maana namuuliza. Wa kwako biskuti anazisikia.

Mama Ibra
Nimekaa na swali hili tangu mchana.

Hageuki.

Sikuliandika kwa sababu sikuja kuuliza hilo, nilikuja kuuliza kamba. Na maneno bado hana. "Mama" alikuwa akisema alipokuwa na miezi minane, akaacha. Miezi tisa alilazwa wiki mbili, walisema homa ya uti wa mgongo, akatobolewa mgongoni, akachomwa sindano nyingi. Alipotoka tulimshukuru Mungu kwa uhai, nani angeuliza habari ya masikio?

Bibi yake anasema watoto wa kiume kwao huchelewa kusema, hata baba yake alisema akiwa na miaka mitatu. Na tumeshapanga. Mwezi ujao anakwenda Handeni kukaa na bibi, kule hakuna magari, atakimbia atakavyo mpaka akili ikomae. Nauli tumeshaweka. Kwa hiyo kamba ni ya mwezi huu mmoja tu. Naombeni tubaki kwenye kamba.

Ukhty S.
Ya Rabbi. Dada yangu.

Mchambuzi Huru
Wakuu, hii ni chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Tazameni. Uzi umeanza na "fundi kanishonea". Watu walipoikubali kamba, ghafla mtoto hasikii, ana uti wa mgongo, kuna bibi Handeni. Mama gani anakaa na mtoto mwaka mzima na nusu asijue kwamba hasikii? Subirini, kesho kutwa tutaona "kamba za watoto elfu kumi na tano, mzigo upo, nicheki". Nimeona nyuzi za namna hii nyingi.

Kiroba Sita
Na mimi nilianza kuhisi. Mama Ibra weka picha ya hiyo kamba.

Babu Kijiwe
Hata mimi nashangaa. Zamani mama alikuwa anajua.

Mvita Asili
Picha ya mtoto wa mtu muweke mtandaoni ili mridhike nyie? Kaeni na adabu.

Mama Ibra
Mchambuzi, sina kitu cha kuuza zaidi ya ndizi.

Unauliza nilikaaje bila kujua. Nilijua na sikujua. Nyumbani nikiingia ananikimbilia, kumbe anaona mlango umefunguka na mwanga umeingia. Nikiita "njoo ule" anakuja, kumbe anaona sahani. Muziki wa jirani ukipigwa anacheza, kumbe anaweka mguu kwenye sakafu inayotikisika. Kila kitu kilikuwa na sababu nyingine.

Ijumaa tulikuwa tunarudi. Alichuchumaa, ameona kizibo cha soda kimekwama kwenye vumbi, anakichokonoa kwa kidole. Nyuma yetu likaja guta limejaa mifuko ya saruji, breki hazishiki, yule kijana anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni!" Watu wote waliruka. Muuza karanga aliacha sinia lake. Mwanangu hata bega halikutikisika. Alikuwa bado anachokonoa kizibo. Nilitupa ndizi nikamvuta kwa nguo. Guta lilipita juu ya ndizi zangu.

Kisha akaninyooshea kile kizibo, amekitoa, anacheka.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa fundi. Sasa kaa na chai yako.

Dereva Mpole
Mchambuzi, hapa umekosea. Guta la saruji breki zikigoma nalijua.

Mchambuzi Huru
Ukiwa mtandaoni shuku kwanza. Sifuti nilichoandika, ila sina la kuongeza.

Nesi Mkunga
Mama Ibra, nakuandikia kama mtu aliyekaa wodi ya watoto miaka mingi. Hujamuumiza mwanao. Uti wa mgongo unaweza kuua usikivu, na wazazi wengi wanakuja wakiwa wamechelewa kwa sababu hizo hizo ulizozitaja. Ila Handeni subiri.

Sababu ya haraka ni hii. Baada ya uti wa mgongo, ndani kabisa ya sikio panaweza kuanza kuota mfupa. Ukiota, hata kifaa cha kusikia cha kupandikiza ndani ya sikio inakuwa vigumu kukiweka. Muhimbili wanafanya upandikizaji huo tangu 2017, zamani watoto walipelekwa India. Sisemi mwanao atahitaji, pengine kifaa cha kawaida cha kuvaa nyuma ya sikio kitamtosha, pengine tatizo ni jingine. Kipimo ndicho kitasema. Lakini ukimpeleka kijijini akae miaka miwili, unaweza kufunga mlango ambao leo uko wazi. Na lugha pia, iwe ya mdomo au ya alama, inaingia kwa wepesi miaka hii ya mwanzo.

Anza kituo cha afya chochote karibu nawe, sema hivi hivi ulivyotuambia: alilazwa uti wa mgongo, hageuki, aliacha kusema. Usiseme "mtundu". Omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Beba kadi ya kliniki na karatasi yoyote ya kule alikolazwa. Kuna kipimo kinachofanywa mtoto akiwa usingizini, wanambandika vidude kichwani, hakiumi. Watakwambia umchoshe usiku wa kabla ili alale pale.

Mama Ibra
Na gharama? Mume wangu atauliza hilo kwanza.

Nesi Mkunga
Kwa sera, mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Ila beba kiasi cha nauli na dharura, na ukiambiwa ulipe uliza dirisha la ustawi wa jamii. Kifaa ni mazungumzo mengine, tusikimbilie huko kabla ya kipimo.

Kaka wa Viziwi
Nimekuwa nikisoma kimya. Mdogo wangu ni kiziwi, alisoma Buguruni shule ya viziwi, leo ni fundi seremala na ana watoto wawili. Nikwambie tulivyokuwa tunatembea naye, maana uliuliza kutembea na watu wamekujibu mengine.

Mama hakuwahi kumwita. Alikuwa anamgusa bega mara mbili, akigeuka anachuchumaa usawa wa macho yake, ndipo anamwonyesha. Kiganja wima mbele ya uso: simama. Walianza uani, sio barabarani. Wanatembea hatua tano, kiganja, wanasimama, anapewa kashata. Hatua tano tena. Baada ya wiki chache yeye mwenyewe alikuwa anageuka kutazama kabla hajaambiwa, maana kila akigeuka anakuta uso wa mama. Kamba ilikuwepo pia, ya katani, walimfunga kiunoni, na sisi tulichekwa sana. Wewe ya kifuani ni bora. Usiivue mpaka atakapozoea kugeuka, na siku ya mzigo mkubwa muache kwa mtu.

Mdogo wangu hadi leo akifika barabarani anasimama, anatazama pande zote mara tatu, ndipo anavuka. Mimi mwenye masikio nimegongwa mara mbili.

Kiroba Sita
Mama Ibra samahani kwa lile la picha.

Babu Kijiwe
Mimi nilisema jicho. Kumbe jicho lenyewe ni lile la mtoto. Mpeleke hospitali mama.

Mama Ibra
Nimewasoma wote, nimemsomea na mume wangu. Kanyamaza, halafu akauliza kwa nini hatukuulizwa habari ya masikio siku tunaruhusiwa. Nikamwambia sijui. Akainuka, akatoa sanduku chini ya kitanda, tumetafuta kadi. Ipo, na karatasi ya kuruhusiwa ipo, imeungua pembeni lakini tarehe inasomeka.

Mama mkwe bado anasema huchelewa. Sitabishana naye, nitampigia tukitoka huko. Nauli ya Handeni ndiyo itakuwa nauli ya hospitali.

Kamba nimeipunguza, imebaki urefu wa mkono. Jioni nimejaribu uani ile ya kiganja. Mara ya kwanza alidhani nataka tupigane makofi, akanigonga kiganja. Mara ya pili hivyo hivyo. Kashata zimekwisha, amelala na nyingine mkononi.

Jumatatu natoka saa kumi na moja alfajiri. Kuna mtu wa Manzese au Mabibo anayekwenda njia hiyo? Nikiwa foleni naogopa kumwacha chini hata dakika moja.

Dereva Mpole
Mimi nipo. Bodaboda hapana, nitakuja na bajaji ya kaka. Nitumie jina la mtaa.