Mawe ya tangi la maji ya bahari: kuyasafisha na kuyakomaza

Tangi_Ligula
Wakuu, nina tangi la lita 200 hapa Mtwara mjini, bado halina samaki. Nimepata kilo 30 hivi za mawe makavu ya matumbawe. Mengi yamechimbwa shambani upande wa Mikindani, machache yametoka kwenye ukuta uliobomolewa. Niyasafishe kwa klorini au asidi? Maji ya bahari ya Shangani yanafaa? Na nitajuaje kwamba mawe yamekomaa, yaani yana bakteria wa kutosha kusafisha maji?

Jiwe_Kavu
Mkuu, ya ukutani yatoe yote. Chokaa na saruji iliyonata hupandisha pH, na huwezi kujua jiwe limefyonza nini miaka yote hiyo. Ya shambani ni mazuri, hasa yale mepesi yenye matundu, maana bakteria hukaa hadi ndani. Dondoshea siki: likitoa mapovu ni kaboneti ya kalsiamu. Lenye michirizi ya kutu liache. Kilo 20 zinakutosha. Ukijaza zaidi, maji hayazunguki nyuma ya mawe na uchafu unatuama huko.

Sugua udongo kwa brashi ngumu, kisha loweka saa 24 hadi 48: sehemu 1 ya dawa ya klorini isiyo na manukato kwa sehemu 10 za maji. Suuza, anika juani mpaka harufu iishe kabisa, halafu loweka tena kwenye maji safi yenye thiosulfati ya sodiamu kuua klorini iliyobaki ndani.

Asidi si lazima. Kazi yake ni kula tabaka la nje lenye fosfati, chumvi inayolisha mwani. Ukilazimika kuitumia, fanyia nje penye upepo, vaa glavu na miwani, mimina asidi kwenye maji na si maji kwenye asidi. Isikutane na klorini kamwe, hata kwenye jiwe linalonukia kidogo tu: hutoka gesi inayounguza mapafu.

Yakishasafishwa, kabla ya kitu kingine, weka mawe kwenye pipa la maji ya chumvi lenye pampu kwa wiki 2, upime fosfati. Ikizidi 0.1 mg kwa lita, badilisha maji yote urudie. Mawe ya shamba lililowekwa mbolea yanaweza kudai mizunguko kadhaa. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, kisha wanapambana na mwani wa nyuzi kwa miezi.

Bamvua
Maji ya bahari yanafaa, ila chagua wakati. Chota maji yakikaribia kujaa, mbali na bandari na mitaro. Kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, usichote baada ya mvua kubwa. Chumvi hushuka na udongo huingia. Lenga chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, yaani 1.025 hadi 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi. Chuja kwa kitambaa kizito, funika, weka gizani wiki 2. Tangini, maji yakipungua kwa mvuke ongeza maji yasiyo na chumvi, si ya bahari, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke.

Usishawishike kuokota mawe hai, yaani yenye viumbe wa baharini, huko Msimbati. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na samaki wanaovuliwa na majirani zetu wanategemea mawe hayo hayo.

Nitrati_Sifuri
Kukomaza sasa. Mawe yaliyopita kwenye klorini hayana bakteria, lazima uwapandikize: jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka tangi lenye afya, au bakteria wa chupa. Weka gramu 1.2 za kloridi ya amonia. Kwa lita 200 inakupa takriban 2 mg kwa lita. Usivuke 5, bakteria wenyewe watadumaa. Joto 26 hadi 28, taa zimezimwa, pampu ya hewa usiku na mchana, maana maji ya moto yenye chumvi hubeba oksijeni kidogo na bakteria hawa wanaihitaji sana.

Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, kwa hiyo amonia itashuka, nitriti itapanda, kisha nitrati. Nitriti ikiwa juu usiongeze amonia, wala usiamini kipimo cha nitrati, kwa sababu nitriti hukipotosha. Mawe yamekomaa pale unapoweka tena 2 mg kwa lita na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma 0. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6, lakini amini kipimo, si kalenda.

Tangi_Ligula
Asanteni sana. Kamba mbichi badala ya kloridi ya amonia je?

Nitrati_Sifuri
Anafanya kazi, ila kiasi cha amonia huwezi kukimudu, na akioza anaacha fosfati kwenye mawe uliyotoka kuyasafisha. Kama huna njia nyingine, mfunge kwenye kipande cha soksi, mtoe amonia ikifika 2.

Mwisho badilisha nusu ya maji, weka samaki mmoja mdogo, pima kila siku kwa wiki 2 kabla ya wa pili. Tafuta na pampu ya hewa ya betri mapema. Umeme ukikatika saa kadhaa, samaki na bakteria wote hukosa hewa.